Mahindi Yaliyokataliwa na Gari

Shambani, karibu na Hillsboro
9 Julai 2023

Dada yangu mkubwa Annonciata,

Nakusalimu wewe na Zoé na wote wanaokujulia hali hapo Stafford. Mimi ni mzima. Joto la huku linaweza kuivisha mkate juu ya bati, lakini ni mzima. Josué, dereva wetu wa lori, aliniambia goti lako limepoa na umerudi kazini kule nyumba ya wazee. Tumshukuru Mungu. Mwambie Zoé mjomba wake bado hajanunua farasi, na akinunua atakuwa wa kwanza kujua, kwa hiyo aache kuuliza kila Jumapili.

Najua utacheka kuona karatasi. Huku simu inashika pale juu tu, karibu na barabara kuu, na mara ya mwisho tulipoongea upepo ulikula nusu ya maneno na hasira zetu zikala nusu iliyobaki. Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Mama alizoea kusema neno zito liandikwe, kwa sababu karatasi haimkatizi mtu. Basi naandika, nawe usinikatize.

Mvua haijanyesha tangu tulipopalilia. Kona ya shamba aliyonipa bosi wangu Mmarekani, ile ya chini kwenye kijito, nilipanda mahindi meupe kama tulivyokubaliana, ya kuwalisha watu wetu wa Haltom City waliochoka na unga wa dukani. Yaliota vizuri. Kisha jua likaja, na baada ya jua wakaja kulungu. Dada, hawa wanyama ni wengi kuliko mbuzi wa kwetu Fizi, na siruhusiwi hata kuwapigia kelele. Bosi amekodisha pori lake kwa wawindaji, msimu unafunguliwa Novemba, na kazi yangu nyingine ni kujaza mapipa yenye miguu mitatu ambayo yana saa ndani na yanajimwagia mahindi yenyewe asubuhi na jioni, ili kulungu wanenepe na wapazoee. Wakimaliza ya pipa wanateremka kwangu kama waumini wanaotoka misa kwenda harusini.

Na jambo jingine la kukuchekesha. Bosi amelima mahindi ya njano mpaka jicho linachoka, na hakuna punje hata moja itakayoingia mdomoni mwa mtu. Yote yanakwenda kiwandani kaskazini, yanachachushwa kama pombe, yanakuwa mafuta ya gari. Nilimuuliza mara mbili nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya.

Usiwe na wasiwasi. Nusu nimewaachia jua na kulungu, nusu ni yetu. Waambie wajomba kwamba hukukosea kunitetea.

Ni mimi mdogo wako,
Élysée


Stafford
6 Agosti 2023

Mdogo wangu Élysée,

Amani ya Bwana iwe nawe huko kwa kulungu wako. Sisi hatujambo. Zoé amemaliza likizo amekuwa mrefu, ananitazama kichwani kama mwalimu. Ukimsalimia kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, ukimpikia bugali anakula samaki anaacha bugali. Juzi nilimwambia asiyekula bugali halali hapa, akalala bila kula, nikashindwa mimi.

Nilimsimulia Gakii habari ya mahindi ya kulisha magari. Gakii ni yule nesi Mkenya wa Meru ninayefanya naye kazi, yule anayenileta nyumbani. Aliegesha gari kabisa ili acheke. Akasema, "Wee Annonciata, unaniambia huku gari inakula ugali na sisi tunakula noodles?" Kisha akawasha gari, akasema kwao mahindi yakikosekana kuna watu wanazikwa.

Sasa nisikilize, maana mimi nimekusikiliza bila kukukatiza. Uliacha kazi ya ghala pale Haltom City, kazi ya kuketi na bima, ukaenda kulima kwa mtu usiyemjua. Wajomba wote walisema umerukwa na akili. Ni mimi niliyesimama nikasema, huyu ni mtoto wa Mama, mkono wake una baraka ya udongo, mwacheni. Kwa hiyo hilo shamba si lako peke yako. Kila akipiga simu Mjomba anaanza na "habari ya mkulima wako?" Sitaki kuwa na jibu la kutafuta.

Nitumie unga, hata debe moja. Sili vizuri siku hizi, huu wa dukani ni kama vumbi la chaki. Nina hamu ya kula kitu kilichotoka mkononi mwa mtu ninayemjua.

Usifanye kazi juani saa sita. Vaa kofia. Unajua kichwa chako.

Dada yako,
Annonciata


Shambani
10 Septemba 2023

Dada Annonciata,

Salamu nyingi, na barua hii inakuja na mzigo. Josué atakuletea magunia mawili kwenye lori lake akishuka Houston, hapo karibu na kwenu. Ni unga nilioutwanga na kuusaga mwenyewe kwa ile mashine ndogo, nikauchekecha. Mimi ni mzima. Mgongo tu, nao ni mgongo wa mkulima, haulalamikiwi.

Utaona ni wa njano. Usishangae. Mbegu nyeupe haipendi ardhi hii nyeusi, ya njano ndiyo iliyostahimili. Ukishapikwa macho yanazoea.

Huku kumekuwa na kizaazaa. Malori ya bosi yalikwenda kiwandani yakarudi yakiwa yamejaa. Walichota kidogo, wakapima kwa mashine, wakakataa shehena yote. Bosi alitupa kofia chini akaikanyaga. Sikuelewa vizuri, nadhani ni unyevu, hawa watu wanapima kila kitu. Sasa ghala limejaa mpaka mlangoni na ameanza kuyatia kwenye mifuko ili awauzie wawindaji, chakula cha kulungu. Ameniambia nichukue ninayotaka kwa mapipa yake, hana haja ya kuyatazama.

Watu wa Haltom City wameufurahia unga wangu kuliko nilivyotarajia. Mama Marguerite wa kwaya amechukua gunia zima, kwa sababu mzee wake, Godefroid, hali kitu kingine. Alinibariki kwa mkono juu ya kichwa mbele ya watu. Sikujua nitazame wapi.

Kula unenepe. Mwambie Mjomba mkulima wako hajambo.

Élysée


Stafford
15 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Zoé amechaguliwa kucheza tarumbeta shuleni, kwa hiyo jirani zetu hawatatusamehe. Mimi nimechoka tu. Ni uchovu wa msimu, joto likiisha utaisha.

Unga wako nimekula. Nimekula asubuhi kama uji na jioni kama bugali, mpaka gunia la kwanza limebaki chini. Siku ya kwanza nililia, sikuambii uongo. Nilikumbuka kambini, mahindi ya njano ya msaada tuliyokuwa tukipanga foleni, Mama akisema ni chakula cha ng'ombe cha watu wengine lakini sisi ni hai. Una uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Nilidhani ni kumbukumbu.

Zoé amekataa hata kuonja. Anasema unanuka. Nimemgombeza sana, nikamwambia ni jasho la mjomba wake analidharau.

Halafu jana Gakii aliingia jikoni akaona gunia. Alichukua unga kwenye kiganja, akanusa, akaupeleka dirishani. Akaniuliza, "Hii imetoka wapi? Imekauka kabla ya kusagwa? Ilikuwa na kuvu?" Akaniambia kwao Kenya kuna neno, sumukuvu. Mahindi yakipata kiangazi kisha yakawekwa vibaya, yanaota kuvu, na kuvu ile inatoa sumu isiyokufa hata ukipika. Inakwenda kwenye ini. Amezika shangazi na watoto wake wawili kwa ajili ya sufuria moja ya githeri, mahindi na maharage. Alitaka kubeba gunia akalitupe, nikamshika mkono. Tulikaribia kugombana.

Nimemwambia ndugu yangu si mfanyabiashara wa sokoni. Amelima mwenyewe, amevuna mwenyewe, anajua kila punje. Lakini amenitia neno moyoni na halitoki. Basi nakuuliza jambo moja, nawe unijibu kwa neno moja. Mahindi haya umeyalima wewe kwa mkono wako? Ukisema ndiyo, nakula na Gakii nitamfunga mdomo.

Usikawie kujibu.

Annonciata


Shambani
29 Oktoba 2023

Dada mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nisamehe kukawia, barua yako ilikaa kwenye sanduku la barabarani nami sikupita huko. Mimi ni mzima. Nimefurahi kuhusu tarumbeta. Mwambie Zoé Baba alikuwa anapiga ngoma kanisani, kwa hiyo kelele ni urithi.

Huku tunajiandaa kwa ufunguzi. Jumamosi ya kwanza ya Novemba wawindaji wanaingia na watoto wao na magari marefu. Nimepaka rangi vibanda vya kuvizia, nimefyeka njia, nimeosha jokofu kubwa la kutundikia nyama. Kwao ni kama Noeli. Bosi anasema babu yake alimpeleka akiwa bado hajui kusoma. Ni watu wa ajabu, wanamlisha mnyama mwaka mzima kwa upendo, kisha wanampiga risasi kwa upendo ule ule. Lakini nikifikiri, na sisi tunafuga kuku.

Gakii ni mtu mwema na amefiwa, usigombane naye. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kwao mahindi yanahifadhiwa vibaya. Huku kuna maghala ya chuma yenye feni, usafi mtupu, hakuna panya hata mmoja. Na hawa kulungu wanakula kila siku na wananawiri, ungewaona.

Umesema nijibu kwa neno moja. Ndiyo.

Pumzika, usichukue zamu za ziada. Krismasi nitakuja na nyama.

Élysée


Stafford
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Élysée,

Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo. Zoé anakusalimu, yuko hapa anafanya kazi za shule.

Ulisema ndiyo, nami nimemwambia Gakii vivyo hivyo: ndugu yangu amesema ndiyo. Nimefungua gunia la pili.

Nimechukua likizo kidogo kazini, tumbo halitulii na chakula chenyewe hakina hamu, isipokuwa uji wako ndio unaopita. Gakii anasema macho yangu yana njano. Mimi nasema ni taa za kule kazini. Jana aliniambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia methali hiyo sisi pia tunayo, asinifundishe. Daktari wa kliniki ameuliza kama nakunywa pombe, kama natumia dawa za miti, kama nimekula uyoga. Nimejibu hapana kwa yote. Akaniuliza nakula nini. Nikasema chakula cha nyumbani, kilicholimwa na ndugu yangu. Akasema hicho ni kizuri sana, akaandika.

Usipige simu, iko kwa Zoé mara nyingi. Mwandiko wangu ukiuona umelegea ni kwa sababu naandikia kitandani.

Kazi njema na wageni wako. Usisimame mbele ya bunduki.

Dada yako


Hospitali, kwenye viti vya chini
25 Novemba 2023

Dada,

Niko hapa. Niko chini yako, orofa mbili tu, na Gakii amenizuia kwenye lifti. Amesema, "Amekataa kukuona. Si mimi, ni yeye. Andika, nitapeleka." Amenipa karatasi hii na kalamu yenye jina la dawa. Tumeandikiana miezi yote hii kwa sababu ya umbali, na leo umbali ni ngazi, bado naandika.

Naanza na lililo wazi. Sikuyalima. Shamba langu lilikufa lote, Dada. Nilipokuandikia nusu ni yetu, kulikuwa kumebaki mabua. Ni mahindi ya bosi, yale yaliyorudishwa na kiwanda. Nilichota ghalani, nikasaga, nikatia kwenye magunia niliyoandika jina langu. Nilijiambia mahindi ni mahindi. Nilijiambia kama kulungu anakula na mbuzi anakula, mtu atashindwa nini. Nilikuwa nawaona wajomba wakikucheka kwa ajili yangu, na Mama Marguerite ananingoja na gunia tupu, nikaona heri niwe mkulima kwa mwaka mmoja wa uongo, mwakani mvua ikinyesha niwe wa kweli. Naapa kwa Mungu sikujua ni sumu. Lakini ulipouliza, nilijua unauliza nini.

Jana alikuja mwindaji mmoja mzee na mjukuu wake wa kike. Mtoto aliua kulungu wake wa kwanza. Wana desturi: babu anachovya vidole kwenye damu ya mnyama, anampaka mtoto mashavuni, watu wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nashika miguu ya mnyama wapasue. Huyu mzee, kabla ya kugusa nyama, hutoa ini na kulitazama. Ndivyo alivyofundishwa. Ini likiwa safi mnakula, likiwa na doa mnafukia. Alilitoa akalishika juani. Lilikuwa limepauka, njano, rangi ya siagi. Akaniuliza pole pole, "Mnawalisha nini hawa?"

Nami nilikuwa na barua yako kwenye mfuko wa shati. Macho yana njano. Taa za kule kazini.

Nilimkimbilia bosi nikamuuliza kiwanda kilikataa mahindi kwa nini. Akasema kuvu, sumu ilikuwa mara nyingi kupita kipimo, kiangazi kimefanya hivyo mashamba mengi. Nikamwambia nimeyala. Si kweli, mimi nimeonja tu, na tangu msimu ufunguliwe nilikuwa nakula maini na vichwa wanavyotupa wawindaji, unga wote niliwaachia ninyi. Akanishika mabega. Alisema, "Hata gari limeyakataa. Umempa nani?" Ndipo aliposema alidhani nachukua kwa ajili ya mapipa tu.

Nilipanda barabarani nikakupigia. Akapokea Zoé. Nikamwambia nipe mama yako. Akaniambia, "She's in the hospital. She said not to tell you, Uncle." Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Nikaja nilivyo, na damu ya mnyama mikononi. Pale mlangoni nilimwambia Gakii yote. Hakunitukana. Alikimbia kwa madaktari, kisha akarudi akaketi sakafuni.

Dada, nakuomba. Niruhusu nipande. Unipige, unitemee, unyamaze, chochote. Siwezi kukaa hapa chini nikihesabu watu wanaotoka kwenye lifti. Nimeshindwa kuomba. Nikifumba macho naona lile ini.

Niruhusu.

Élysée


Orofani
25 Novemba, jioni

Élysée,

Mkono ni wa Gakii, maneno ni yangu. Akiona neno kali anataka kulipunguza, kwa hiyo namfanya anisomee kila mstari.

Salamu nitakupa siku nyingine. Madaktari sasa wanajua wanapigana na nini, na wanashukuru, lakini wamechelewa kujua. Wanasema ini linaweza kujirudi au likakataa. Wameandika jina langu kwa wanaongoja ini la mtu aliyefariki. Ndiyo dunia: ili mimi nipone, nyumba nyingine lazima ilie kwanza. Nalala katikati ya maneno. Saa nyingine nasikia marehemu Mama ananiita kwa Kibembe nami sitaki kuitika.

Zoé ni mzima. Wamempima damu, ni safi. Nilikuwa namgombeza kwamba amekuwa Mmarekani, kwamba amesahau chakula cha kwao, na kukataa kwake ndiko kulikomwokoa. Kama angekuwa mtoto mtiifu ningekuwa nimemzika. Hilo ndilo linaloniliza, si ini.

Sijakuzuia kwa chuki. Hasira ninayo na itakaa. Nilikuuliza neno moja, nawe ukanipa neno moja, na daktari nikampa hilo hilo. Lakini nakujua. Ukipanda hapa utapiga magoti ulie, nami nitakushika kichwa kwa sababu ni mimi niliyekubeba mgongoni tulipovuka ziwa tukikimbia kwetu, na sisi wawili tutaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mwezi wa tisa uliandika, watu wa Haltom City wameufurahia. Nimelisoma tena hilo leo kichwani. Mama Marguerite gunia zima. Mzee Godefroid hali kitu kingine. Wako wangapi, Élysée? Na wewe umekaa hapo chini unaniomba ruhusa ya kulia?

Wapigie simu sasa hivi, kila mmoja, waache kula. Kisha nenda. Usitosheke na simu, kwenye simu utasema kuna shida kidogo ya unga, utawaletea mwingine. Nenda nyumba kwa nyumba, ingia ndani, keti, sema mahindi haya yalikuwa ya kulisha kulungu na kabla ya hapo yalikataliwa na kiwanda, nami nilijua si yangu nikasema ni yangu. Uwapeleke wakapimwe damu. Asiyekuwa na gari umbebe.

Ukimaliza, mlango uko wazi. Nitajitahidi kukungoja.

Annonciata


Haltom City
27 Novemba 2023

Dada yangu mkubwa,

Nakusalimu. Nimepiga picha karatasi hii na kumtumia Gakii, ili nikiwa njiani wewe uwe unasikia.

Nyumba zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka, kwa sababu walionunua waligawia wengine. Kuna aliyenifungia mlango kabla sijamaliza, nikasemea kwenye tundu la kitasa. Kuna baba aliyenipiga kofi, kisha akachukua funguo za gari kuwapeleka watoto. Kuna mama aliyesikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama nina unga mwingine, huu umebaki kidogo. Ilibidi nirudie kila kitu kwa sauti ya juu kama mtu anayehubiri, na mtoto wake akamtafsiria kwa Kibembe mambo ambayo mimi nilikuwa nasema kwa Kiswahili.

Kwa Mama Marguerite nilikwenda mwisho. Niliogopa, sina neno jingine. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia asile, akaitikia vizuri sana. Nimemkuta ameandaa meza. Alidhani nataka unga urudi ili nikawauzie Wakenya kwa bei ya juu, kwa hiyo alikuwa anaupika haraka uishe. Bugali ilikuwa inatoa moshi, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Akaninawisha mikono. Akasema, "Kula kwanza, mutoto wangu, maneno iko ya nyuma." Unajua kwetu mgeni hakatai. Nilikaa na mikono inadondosha maji, nikamwambia, Mama, usile, nimekuuzia sumu. Alifikiri natania. Nikachukua sahani nikaimwaga kwenye pipa la takataka mbele yake, chakula cha mtu, nyumbani kwake. Ndipo alipoanza kupiga kelele.

Mzee Godefroid yuko chumba cha nyuma. Tumbo limemvimba na macho yake yana njano kama ile uliyoniambia ni ya taa. Nilipiga magoti nikamweleza. Akanisikiliza, anapumua kwa shida. Akasema, "Leo asubui niliomba Mungu anionyeshe kitu gani inaniua. Basi, aksanti ya kuja." Nimembeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Ni mwepesi mno. Mama Marguerite alikaa nyuma akimshika kichwa, na pale hospitali alinipita bila kunitazama. Sijui kama atapona. Madaktari wa huku wanazungumza na wa kwako kwa simu, na kila mahali nimewaandikia neno lile, sumukuvu, na chini yake nimeandika jina langu.

Nimewaona wote, Dada. Hakuna mlango uliobaki. Sasa nawasha gari, nashuka Houston kwako hospitali. Sitasimama popote.

Gakii, msomee hii mara tu ikifika. Ukimkuta amefumba macho, msomee hivyo hivyo.

Élysée